Ooko Ndani ya Buti

Ooko hakuwa na haja ya spika kubwa. Gari lenyewe aliliendesha mara moja tu kwa wiki, kumpeleka mama yake kliniki kunyooshwa viungo, na safari hiyo ilikuwa fupi hata wimbo haupati nafasi ya kukolea. Lakini mtu aliyezoea kulala juu ya maspika nyuma ya lori, leo harusi Ahero, kesho matanga Bondo, hawezi kukaa nyumbani miaka miwili bila mikono yake kutafuta kitu cha kushika.

Kabla mambo hayajaharibika, yeye na rafiki yake Calvince walikuwa na vyombo vyao vya muziki. Calvince alishika maikrofoni, Ooko alishika nyaya. Kisha asubuhi moja mama yake alianguka jikoni sufuria ya chai ikiwa mkononi. Alipoinuliwa, upande wake wa kulia ulikuwa umelala, na kinywani hakukubaki neno ila "ee", ambalo sasa lilikuwa ndiyo, hapana, njaa, na niache.

Watoto wake walikuwa wawili tu. Terry, wa kwanza, alikuwa na kazi Nairobi, mume, na watoto wa shule. Ooko hakuwa na lolote kati ya hayo. Hakuna kikao kilichoitwa. Terry aliuliza kwenye simu, "Wewe si uko tu hapo, Ooko?" na likaisha hivyo. Terry ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya kununulia gari dogo kuukuu la kijivu, ili Mama asipandishwe pikipiki. Ooko akahamia tena kwenye nyumba alimozaliwa, mtaa wa Nyalenda, Kisumu, akajifunza kuosha, kulisha, kugeuza na kuvalisha.

Hakuwa mtu mbaya. Alimsuka mama yake nywele kwa vidole vyake vinene, mistari ikaenda kombo, na wote wawili wakacheka. Ila kila alipotoka, hata kama ni dukani tu, alifunga mlango kwa komeo la nje. Alianza hivyo siku aliporudi akamkuta Mama ameanguka kizingitini, shavu limechubuka. Daktari alisema akianguka vibaya mara ya pili, hataamka. Baada ya hapo komeo likawa jambo la kawaida, kama kuzima taa.

Spika alipewa na Calvince, ya inchi kumi na mbili, mpira wa pembeni umeliwa na panya. Ooko alibandika mpira mpya, akaiweka mezani, akaitazama kwa siku kadhaa. Halafu akaenda Otonglo kununua mbao za MDF, zile za unga wa mbao ulioshindiliwa, nzito kama mlango wa kanisa, akazifunga juu ya gari kwa kamba.

Kutengeneza boksi la besi si kupiga misumari. Likiwa dogo, besi hukabwa koo. Likiwa kubwa mno, hutoka imelegea kama uji. Ooko alipima nafasi ya buti, sehemu ya mizigo nyuma ya gari, akapima tena, akakata mbao kwa msumeno wa umeme wa kuazima, akaunganisha kwa gundi na skrubu, akaziba kila kona kwa silikoni. Alipotaka kujua kama linavuja, aliwasha dawa ya mbu ya moshi, akaiingiza ndani kupitia tundu la spika, akaziba tundu, akakodoa macho. Moshi ulichungulia kwenye kona moja. Akarudi kuziba. Mama alimwangalia kupitia dirisha la chumba chake, ambalo lilifungukia uani kulikoegeshwa gari, jicho lake moja likiwa kubwa kuliko jingine.

"Mama, hii itaongea," Ooko alimwambia.

"Ee," alisema Mama.

Terry alipojua alikasirika. "Gari la kumpeleka Mama hospitali unalijaza spika? Hicho kiti chake cha magurudumu kitakaa wapi?"

"Kitakaa kiti cha nyuma."

"Ooko, una miaka thelathini na nne."

"Najua miaka yangu."

Jirani wao, Salme, naye alikuwa na lake. Salme alikuwa mjane aliyepika mahamri na kuyauza asubuhi karibu na msikiti, na mchana alipenda kulala kidogo. Ukuta wake ulipakana na uani kwa Ooko, na tangu Ooko aanze kujaribu spika, vikombe vyake vilikuwa vikitembea kabatini. "Ooko!" angeita kutoka ng'ambo ya uzio wa mabati. "Hiyo kitu inanitoa roho! Utazika mtu hapa!" Ooko angepunguza, na baada ya muda mkono ungeteleza, sauti ikapanda tena. Majirani wengine walishachoka hata kulalamika.

Jumamosi ile Calvince alipiga simu mapema. Kulikuwa na sherehe ya wanafunzi Maseno, kazi ya mchana tu, na kijana aliyekuwa akimsaidia alikuwa ameharibu kikuza sauti.

"Njoo hata saa chache, omera. Hakuna mtu anajua hivi vyombo kama wewe."

"Nani atakaa na Mama?"

"Kwani huko mtaani hakuna watu?"

Ooko alijibu ataona, na wote wawili walijua maana yake. Akakata simu, akampa Mama uji, akamfuta midomo, akamlaza kwa upande wa dirisha. Kwa kuwa alikuwa anatoka uani tu, hakufunga komeo. Akatoka uani akiwa na hasira ambayo hakujua aielekeze wapi, akaamua kumaliza boksi.

Alilisukuma butini likaingia kwa kukwaruza, mgongo wa boksi ukiziba kabisa nafasi ya kuelekea viti vya nyuma, kama alivyotaka. Vyuma vya pembe vya kulishikilia viwili vilikuwa upande wa nje, rahisi kufikia. Viwili vilikuwa ndani kabisa, nyuma ya kona za boksi, na mkono haukufika mtu akisimama nje. Ilibidi aingie. Kifuniko cha buti la gari hilo kilikuwa hakisimami chenyewe tena, kwa hiyo alikitegemeza kwa mpini wa jembe. Simu aliiacha mbele, imeunganishwa na redio, akaacha muziki unapiga kwa sauti ya kadiri ili asikilize ni bati gani linalotetemeka. Akajikunja akaingia na spana, kichwa kwanza, magoti yakifuata.

Alikaza boliti ya kwanza. Akajigeuza kufikia ya pili. Mguu wake ukagusa kitu kigumu, na kabla hajajua ni nini, mpini ulianguka nje na kifuniko kikashuka. Kilijifunga kwa sauti ndogo safi, klak, sauti ya kitu kinachofanya kazi yake sawasawa.

Kwanza alicheka. Akasukuma kwa kiganja, kisha kwa bega. Akapapasa palipo na kufuli, akakuta imefunikwa na bati, na bati limeshikwa na skrubu, na bisibisi ilikuwa juu ya ndoo, nje. Akajaribu kusukuma boksi liingie ndani ya gari. Halikusogea hata unywele. Alikuwa amelikaza vizuri. Alitafuta spana afungue alichokaza, akaisikia ikiteleza chini ya boksi, mahali ambapo vidole vyake havikupenya.

Muziki ukaendelea. Ile besi aliyoitafuta kwa wiki nzima sasa ilikuwa imemwekea mdomo kifuani. Ilimpiga mbavuni, ikamwingia menoni. Alipiga kelele, na sauti yake hakuisikia mwenyewe. Akapiga kifuniko kwa ngumi, na ngumi zikamezwa na ngoma ya wimbo.

"Ooko!" Sauti ya Salme ilipenya kwa mbali. "Leo tena? Mchana huu?"

"Salme! Nimefungiwa! Salme!"

"Punguza! Mungu anakuona!"

Jua la Kisumu saa hizo halina mchezo. Bati juu yake lilianza kuwa kama kikaango. Gundi ya zulia alilofunikia boksi, ambayo alikuwa ameipaka siku iliyotangulia tu, ilianza kunuka upya, harufu tamu na kali iliyomkaa nyuma ya macho. Jasho lilimtiririka kutoka kila mahali. Goti moja lilikuwa limekutana na kidevu na hapakuwa na namna ya kulinyoosha. Akawaza gundi inavyolewesha. Akawaza watu wakimkuta jioni. Akawaza Mama ndani, na nani atamgeuza, na akashangaa kwamba hata hapo, ndani ya kile kisanduku, alikuwa bado anahesabu saa ya kumgeuza Mama.

Ndipo akakumbuka nyaya. Zilipita ubavuni mwa boksi, karibu na sikio lake. Alikuwa amezifunga vizuri sana, amezibana kwa vishikizo vya plastiki kila mahali. Alizishika kwa mikono miwili akavuta. Hazikutoka. Akavuta tena kwa nguvu zake zote, kitu kikakatika, na besi ikafa. Zilibaki spika ndogo za milangoni zikilia kijinga kwa mbali.

"Alhamdulillahi," alisema Salme ng'ambo ya mabati, na mlango wake ukafungwa.

Ooko alimwita. Aliita mpaka koo likakauka. Akawaita majirani kwa majina. Akasikia watu wakipita njiani, ndoo za maji zikigongana, mtu akisema, "Huyo DJ amebadilisha, sasa anapiga mabati," na mwingine akicheka. Walipita. Akalia kidogo, si kwa uoga hasa, bali kwa hasira ile ya asubuhi, ambayo sasa ilipata mahali pa kutokea. Akapiga kifuniko kwa kisigino, si kwa mpangilio wowote, piga, tulia, piga piga. Hewa ilikuwa nzito. Akaanza kusikia usingizi, na kuuogopa.

Kisha akasikia kitu kikiburuzwa.

Ilikuwa sauti ya plastiki juu ya simenti. Mkwaruzo, kimya, mkwaruzo. Aliijua. Kilikuwa kiti cheupe cha jikoni. Halafu akasikia pumzi, pumzi ya mtu anayebeba mzigo mlimani, na akaelewa ni nani, na damu ikamwenda mbio kuliko hata pale kifuniko kiliposhuka.

"Mama! Rudi ndani! Mama, utaanguka!"

Mkwaruzo. Kimya.

"Mama, kuna ngazi hapo! Tafadhali! Kaa chini, umwite Salme! Mama!"

"Ee," ilijibu sauti, na haikuwa ya kukubali.

Akasikia kiti kikigonga ngazi ya kwanza. Kisha kishindo kidogo, na kuguna. Akanyamaza, akauma ngumi. Hakuna mkwaruzo. Pumzi tu. Kwa muda ambao kwake haukuwa na mwisho, hakukuwa na kitu kingine duniani ila pumzi hiyo. Halafu mkwaruzo ukaanza tena, sasa kwenye kokoto, polepole zaidi, hadi kiti kikagusa bampa na kiganja kikatua juu ya bati, pale pale usawa wa uso wake.

"Mama," alisema. "Umeumia?"

Kiganja kikapiga bati mara moja, kwa ukali, kama kumnyamazisha mtoto.

Basi Ooko akaacha kubishana naye. Akamwambia aende mlango wa dereva, ulikuwa wazi, asishike usukani, unazunguka. Akamwambia chini, pembeni mwa kiti, kuna vikono viwili vidogo. Avute kimoja juu. Alizungumza taratibu, kama alivyozoea kumwongoza mtu kupitia nyaya jukwaani. Akasikia kiti kikiburuzwa kando ya gari, akahisi gari likizama kidogo upande alipoegemea. Kitu kikafanya tik. Mwanga haukuja. Alikuwa amevuta kikono cha tangi la petroli.

"Kile kingine, Mama. Kilicho karibu nacho."

Kimya. Pumzi. Mkono wa kulia wa Mama ulikuwa umekufa. Ilimbidi ajipinde ili wa kushoto ufike. Ooko aliusikia uzito wake ukiteleza ubavuni mwa gari, ukishuka, ukikaa chini kokotoni. Akafumba macho. "Imetosha, Mama," alisema. "Imetosha. Pumzika." Na kifuniko kikaruka.

Alitoka kwa kuanguka. Mwanga ulimpiga kama maji. Alitambaa kwa magoti kwa sababu miguu ilikataa, akazunguka gari, akamkuta mama yake ameketi chini, ameegemea mlango, leso imemtoka kichwani, kiwiko kinatoka damu. Kiti kilikuwa kimepinduka kando yake. Mkono wa kushoto ulikuwa bado umeshika kikono. Alimtazama mwanawe alivyoloa na kujaa vumbi la mbao usoni, na upande mmoja wa mdomo wake ukapanda. Alikuwa anacheka. Hakuwa ametembea peke yake hadi nje tangu siku ile ya kizingitini.

Salme alikuwa ametoka kuanika nguo. Alichungulia juu ya mabati, akamwona Ooko amepiga magoti, akaja mbio na jagi la maji. Aliposikia lililotokea, alijipiga paja.

"Nilikusikia! Wallahi nilikusikia. Nikadhani ni ile ngoma yako."

"Si kosa lako."

Salme alimwosha Mama kiwiko, akafunga kitambaa. Mwishowe akasema, bila kumtazama Ooko, "Na yeye hubisha."

"Nani?"

"Mama yako. Ukifunga na komeo ukaenda. Hubisha mlango. Si kila siku. Siku zingine anabisha mpaka unarudi, ukikaribia ananyamaza. Tunasikia wote hapa. Tulidhani... sijui tulidhani nini. Kwamba ni mambo ya nyumbani kwenu."

Ooko alimgeukia mama yake. Mama alikuwa akiangalia mikono yake mwenyewe.

Alitaka kueleza habari ya daktari na kizingiti na shavu. Alifungua kinywa, lakini bado kulikuwa na ladha ya gundi ulimini mwake, na shingo yake ilikuwa bado imepinda kama ilivyopindwa na bati. Alimwinua Mama, akamkalisha kiti cha mbele, kwa sababu alipomgeuza kuelekea nyumbani alikaza mguu mzima akakataa. Wakakaa hapo wote watatu, milango wazi, wakinywa maji kwa zamu.

"Kwa nini hukuniomba nikae naye?" Salme aliuliza.

"Nilidhani unanichukia."

"Nachukia hiyo kitu yako. Wewe nilikuchukia lini?"

Jioni ile alichomoa komeo. Skrubu zake zilikuwa na kutu, na moja ilikataa, ikabidi aikate. Kisha akampigia Terry, akamweleza yote, buti na komeo pia, hili la pili kwa shida.

"Kwa hiyo anaweza kutembea?" Terry aliuliza.

"Na kiti. Polepole. Anaweza kuanguka vilevile."

"Sasa tutafanya nini?"

"Utakuja," Ooko alisema. "Likizo yako ya mwezi wa nane utakuja ukae naye, na mimi nitatoka. Na kabla ya hapo, siku za Jumamosi Salme atakuwa hapa. Nimeshaongea naye."

"Ooko, unajua watoto wana—"

"Nimekuambia, Terry. Sikuulizi."

Hakuwa amewahi kumwambia dada yake hivyo. Usiku huo hakulala vizuri. Kila alipojifunika shuka usoni aliitupa. Kwa wiki nyingi hakuweza kuingia chumba chochote bila kutazama kwanza mlango unafungukia wapi.

Mambo hayakunyooka yote. Mama alianguka mara nyingine, jikoni, akavimba nyonga, na Ooko akakaa siku nzima akijilaumu huku akitazama matundu ya skrubu kwenye fremu ya mlango. Terry alikuja mwezi wa nane, akalia siku ya kwanza, akachoka siku ya tatu, na siku ya nne akamwambia mdogo wake, akiwa ameshika beseni, "Sikujua." Boksi Ooko alilitoa garini kwa kazi ya nusu siku, akamuuzia Calvince, na besi yake, watu wa Maseno walisema, ilikuwa nzuri kweli.

Jumamosi moja alirudi kutoka kupiga muziki na Calvince, mapema kuliko alivyoahidi. Mvua ilikuwa imevunja sherehe. Nyumbani mlango ulikuwa wazi na hakuna mtu ndani. Alikimbia hadi kwa Salme, hakuna mtu. Akakimbia hadi kwenye bomba la maji la mtaa, na hapo ndipo alipomwona mama yake. Alikuwa amekaa kwenye kiti cheupe katikati ya wanawake na mitungi yao, Salme akiwa amesimama nyuma yake, na mtu alikuwa anasimulia jambo lililowafanya wote wajishike mbavu. Mama alikuwa akicheka kwa upande wake mmoja wa mdomo. Alipomwona Ooko amesimama pale anahema, uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu aliyekatizwa. Akainua mkono wa kushoto, akaupunga kumwelekeza alikotoka.

"Ee!" alimwambia. "Ee!"

"Amesema bado," Salme alitafsiri. "Rudi baadaye."

Ooko alisimama kidogo akiwa hajui aweke wapi mikono. Kisha akageuka, akashuka taratibu barabara ya kuelekea ziwani Dunga, mahali ambapo hakuwa na shughuli yoyote.